Dua ya Kufungwa

Mwaka ule timu yetu ilipofungwa mechi ya kwanza, nyumbani kwangu Tanga walichinja jogoo. Ilipofungwa ya pili wakachinja wawili. Mimi niko Doha, goti limevimba, natumiwa picha ya sinia la pilau na mke wangu, chini ameandika: "Hongereni sana baba watoto. Kazeni uzi hivyo hivyo."

Inabidi nieleze, maana anayesoma hapo atadhani nimeoa kwa wachawi.

Mimi ni mbeba mizigo wa hoteli, pale Al Sadd. Nasimama mlangoni na koti lenye vifungo vya dhahabu ya uongo, gari likisimama nafungua mlango, napakia mabegi kwenye kigari, nasukuma mpaka kwenye lifti. Nina miaka arobaini na saba. Mtu wa umri wangu na kazi yangu hategemewi kucheza mpira wa aina yoyote, sembuse mpira wa Kimarekani. Lakini kampuni inayotuajiri ilikuwa na meneja mkuu anayependa vikombe, na yeye na mameneja wenziwe walikuwa wameanzisha ligi yao ya wafanyakazi, timu sita, kila kampuni na timu yake. Wangeweza kuchagua soka, ambayo sote tunaijua tangu tumboni. Wakachagua mpira wa Kimarekani kwa sababu, nilivyoelewa mimi, huo hakuna mbeba mizigo atakayejidai anaujua kuliko bosi wake.

Na tulikuwa wachezaji wa kulipwa, nasema hivyo kichwa juu. Kila Ijumaa ya mechi tulipewa ruhusa ya alasiri nzima na sahani ya biriani yenye paja la kuku. Kama hayo si malipo basi mimi sijui malipo ni nini.

Mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama papai. Katika ligi yetu hakukuwa na kuangushana, kwa sababu mfanyakazi aliyevunjika ni hasara kwa kampuni. Badala yake kila mchezaji anafunga mkanda wenye vitambaa viwili vinavyoning'inia kiunoni. Mwenye mpira akinyofolewa kitambaa amekamatwa, mchezo unasimama, unaanza tena pale pale. Ukifika na mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani umepata pointi. Basi ndiyo hivyo: watu wazima, wenye wake na ndevu, wanafukuzana juani wakivutana mikia.

Mimi nilikuwa mtu wa katikati. Huyo ndiye anayeinama na mpira mbele ya kila mtu, na mwenziwe aliye nyuma, yaani mtupaji, akipiga kelele ya kuanzia, anamrudishia mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu. Heshima hapo haipo. Ila nilikuwa hodari, na sababu ya uhodari wangu ni ile kelele yenyewe. Wamarekani wana neno lao la kuanzia mchezo, na sikioni kwangu neno hilo ni "hat".

Aliyekaa Ghuba analijua. Kwa Kiarabu hat ni lete, nipe. Kabla ya hoteli nilifanya kazi miaka minane Umm Salal, kwenye nyumba ya mzee mmoja wa Kiqatari, kazi yangu kugawa kahawa majlisi, yaani baraza ya wageni. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi. Ameketi na wageni wake, ananyoosha mkono bila kutazama, anasema "Hat!" na kitu kiwe kimeshafika: kikombe, tende, rimoti, kitambaa cha kufutia mdomo, na siku moja hata mjukuu wake, ambaye nilikuwa nimempakata. Miaka minane ya hivyo, mkono haungoji tena kichwa. Nikisikia hat, nilichonacho nimeshatoa, mkono wa kulia mbele, wa kushoto umeshika kiwiko, kichwa kimeinama kidogo kama adabu inavyotaka.

Kocha wetu wa kwanza, mhandisi Mmarekani, alisema hajapata kuona mtu wa katikati asiyechelewa hata nusu ya nukta. Chini yake tulimaliza wa tatu. Meneja mkuu akatundika picha yetu mapokezi, juu ya chombo cha maua, na wageni wakawa wananitazama mimi na kuitazama picha na kunitazama tena. Halafu mkataba wa Mmarekani ukaisha, akarudi kwao, na hapo ndipo tukaletewa kocha mpya.

Kocha mpya alikuwa Mkenya, na alikuwa dereva wa basi la kampuni.

Ilivyokuwa ni hivi. Watu wa ofisini walipekua mafaili kutafuta nani kati ya wafanyakazi amewahi kuwa kocha, wakamkuta yeye. Kwenye fomu yake ya kuombea kazi, mahali pa uzoefu, alikuwa ameandika kwa Kiingereza: "Coach, miaka saba, Nairobi na Mombasa." Kwao, basi kubwa la safari ndefu huitwa kochi. Kwetu Tanga kochi ni kitu cha kukalia sebuleni. Watu wa ofisini hawakuwa na habari ya basi wala ya sebule. Waliona neno, wakadhani Nairobi na Mombasa ni majina ya timu, wakampigia simu.

Aliniambia mwenyewe, tumekaa kwenye ngazi za uwanja baada ya kufungwa mechi ya pili. Wenzetu walikuwa wanakula biriani yao kimya, kila mtu na paja lake.

"Mzee wangu, nikwambie kitu na usinicheke?"

"Sema tu, bwana kocha."

"Mimi sijawai kuwa kocha. Nilikuwa naendesha coach."

Nilicheka. Nilicheka mpaka goti likauma.

"Nimekuambia usicheke!"

"Sasa kwa nini hukuwaambia?"

"Ningewaambia aje, buda? Wameniita ofisi, wakanipea mkono, wakanipea filimbi. Kabla nifungue mdomo washanipea room hapa Al Sadd, tukiwa wawili tu. Kule Industrial Area tulikuwa wanane, na saa kumi alfajiri lazima niwe kwa steering. Hapa nalala mpaka jua linichome. Na bibi yangu ameshaambia kanisa mzima kule Nakuru ati mimi ni kocha wa American football. Kila Jumapili wananiombea tushinde." Akaigeuza filimbi mkononi. "Meneja amesema tusipofika nusu fainali, narudi kwa basi."

Sikumlaumu. Ningepewa mimi hiyo filimbi, ningeipuliza.

Na wala hakuwa mvivu. Alikaa na simu yake akitazama video za mchezo mpaka macho yakawa mekundu, na humo akasikia kwamba kila mkimbiaji anatakiwa awe na ruti yake. Uso ukamng'aa. Ruti! Hilo alilijua kuliko Mmarekani yeyote. Kesho yake akaja na karatasi ameichora kwa kalamu tatu, kila mpango wa mchezo amepewa jina la safari. "Industrial Area kupitia Al Sadd" maana yake kimbia mbele, pinda kulia, pokea mpira, pinda tena. "Airport ekspresi" maana yake usipinde popote. "Umm Salal bila kusimama" ilikuwa kwenda moja kwa moja upande wa kaskazini wa uwanja, pembeni kabisa.

Tuliupenda mpango huo. Tatizo ni kwamba timu zote sita zilikuwa za watu wanaoishi Doha. Mtupaji wetu akipaza sauti "Umm Salal!" basi wapishi wa timu pinzani, na madereva wao, na mtunza bustani wao mmoja mwenye miwani, wote wanahamia kaskazini, wanatungoja huko mikono kiunoni. Mechi ya kwanza walitungoja kila kituo.

Halafu kulikuwa na ile tabia yake ya udereva. Kabla ya kila mechi alituhesabu vichwa, akakagua mikanda mmoja mmoja. Kwa hilo hatukuwa na neno. Lakini tulikuwa na mlinzi mmoja wa getini, Mganda, mwembamba, mwenye mbio za kutisha, ndiye pekee aliyeweza kutuokoa. Kwenye mechi ya pili Mganda akachomoka na mpira peke yake, uwanja mtupu mbele yake, na kocha akaruka kwenye mstari akipuliza filimbi na kupiga kelele: "Simama! Simama, umeacha watu!" Mganda akasimama. Mtu mtiifu yule. Akanyofolewa vitambaa vyote viwili.

"Nilisahau," kocha akaniambia baadaye. "Miaka saba sijawai kuacha abiria."

Ya tatu tulifungwa hivi hivi tu, bila hadithi. Tanga walichinja bata.

Sasa niseme la Tanga. Binti yangu mdogo alikuwa amechumbiwa, na ndoa imepangwa Ijumaa. Likizo yangu ilikuwa imekubaliwa zamani, imegongwa mhuri. Kisha meneja mkuu akabandika tangazo kwenye ubao wa wafanyakazi: hakuna mchezaji atakayeondoka kwa likizo mpaka timu itoke kwenye mashindano. Nikatazama ratiba. Nusu fainali ilikuwa Ijumaa ile ile ya ndoa. Timu nne za juu ndizo zinazokwenda nusu fainali. Maana yake ni rahisi: tukifungwa vya kutosha nakwenda kumwozesha mwanangu, tukifanikiwa nabaki Doha nimeinama na papai katikati ya miguu.

Nilikwenda ofisini kwa meneja mkuu na koti langu la vifungo. Nikamweleza pole pole. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Akaniambia timu ni familia, na baba mwema haachi familia yake katikati ya msimu.

Mtu atasema ndoa haiharibiki kwa baba kuwa mbali. Ni kweli, sheria inaniruhusu kumpa mtu uwakala, na mdogo wangu yupo. Lakini mdogo wangu ndiye aliyemwozesha binti yangu mkubwa kwa niaba yangu, miaka minne iliyopita. Mimi nilikuwa Umm Salal, birika mkono mmoja na simu mkono mmoja, nimejibanza nyuma ya mlango wa jikoni, na simu ikakatika kabla ya maneno yenyewe kusemwa. Niliendelea kuishika sikioni. Majlisi walikuwa wanaita kahawa. Huyu ndiye wa mwisho, sina binti mwingine, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

"Baba, safari hii mimi ya simu sitaki," aliniambia. "Mnafungwa lini?"

"Tunajitahidi, mwanangu."

Ndiyo maana ya wale kuku. Ukoo mzima ulikuwa umejifunza mchezo kwa ajili yangu. Shemeji yangu, ambaye hajui hata Simba na Yanga wanavaa rangi gani, alikuwa akiniuliza kuhusu mabeki wetu na kufurahi akisikia ni wazito. Mama mkwe alitaka kujua kama nimekula nikashiba, maana alisikia aliyeshiba hakimbii. Kila Alhamisi baada ya magharibi walikaa sebuleni wakasoma Yasini, na mwisho wakatuombea kipigo. Kule Nakuru, kanisa lilikuwa linatuombea ushindi. Sijui mbinguni walikuwa wanaelewanaje.

Mimi mwenyewe niliomba. Sitaficha. Nilikaa safu ya nyuma, pale msikitini karibu na hoteli, nikaona aibu hata kuinua mikono vizuri. Nilimwomba Mungu tufungwe, lakini isiwe kwa kosa langu. Hilo la pili nililisisitiza, kwa sababu uwanjani sikucheza ovyo hata siku moja. Nina ubishi wangu. Kazi niliyokabidhiwa naifanya, hata ikiwa ni ya kuinama.

Mechi ya nne tukashinda. Hatukucheza. Tulifika uwanjani, tukahesabiwa vichwa, mikanda ikakaguliwa, tukangoja. Timu pinzani haikuja. Baadaye tuliambiwa dereva wao aliwapeleka uwanja wa upande wa pili wa mji, na huko wakangoja wao, wakiamini sisi ndio tuliokimbia. Mwamuzi akatazama saa, akainua mkono, akatupa ushindi. Kocha alipiga magoti kwenye nyasi akalia.

"Unaona, mzee? Unaona maombi?" akaniambia, na kunikumbatia.

Tanga walitutumia rambirambi. "Poleni sana. Mungu awape subira. Yatapita." Binti yangu hakuandika kitu.

Sasa ikabaki mechi moja, na hesabu ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza: anayeshinda hapo anakuwa wa nne na kwenda nusu fainali, anayefungwa anakwenda nyumbani. Kwangu mimi, nyumbani kweli.

Siku mbili kabla ya mechi kocha alinifuata mlangoni pa hoteli. Nilikuwa na kigari kimejaa mabegi ya familia nzima kutoka Kuwait. Akatembea nami mpaka kwenye lifti.

"Nimesikia ya harusi," akasema.

"Nani kakuambia?"

"Kila mtu anajua. Hata Mganda anajua. Sikia, mzee. Ukitaka nikuweke nje, nakuweka. Nitasema goti. Hakuna mtu atauliza."

Milango ya lifti ikafunguka. Nilijua, na yeye alijua, kwamba nikikaa nje hakuna mwingine wa kurudisha mpira; yule wa akiba alikuwa mfua nguo aliyeurusha juu ya kichwa cha mtupaji kila mara. Kukaa nje na kufungwa ni kitu kimoja. Ningeweza kusema ndiyo. Ningesema ndiyo, goti linauma, na wala isingekuwa uongo.

"Nacheza," nikamwambia.

Nilikasirika siku nzima. Sijui nilimkasirikia nani.

Ijumaa ya mechi hiyo ikafika, na kwa mara ya kwanza msimu ule tukacheza kama watu waliofundishwa. Kocha alikuwa amegundua dawa. Alifuta ruti zote za Doha akaweka za kwao: "Nakuru kupitia Naivasha", "Voi unakunywa chai", "Mtito ukichimba dawa". Sisi Watanzania na Waganda hatukuzijua hizo njia, lakini alitukalisha wiki nzima akatukaririsha, mahali pa kupinda, mahali pa kupunguza mwendo. Wapinzani hawakuelewa hata neno moja. Walikuwa wakitazamana. Mganda alikwenda Naivasha mara mbili bila kuguswa, na safari hii kocha alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili asije akamsimamisha.

Ikabaki dakika moja. Tulikuwa mbele kwa pointi chache, mpira wetu. Nikamtazama kocha pale kwenye mstari, shati limelowa, filimbi ameing'ata kwa meno, uso wa mtu anayekaribia kuamini. Nikafikiri: basi, yamekwisha, mdogo wangu ataozesha tena. Halafu nikainama, nikaushika mpira.

Kelele ikapigwa, nikatoa. Nikainuka, nikakimbia hatua chache mbele kama ruti ilivyotaka, na mtupaji, kwa kukosa mtu mwingine, akanirushia mimi. Katika misimu miwili sikuwahi kurushiwa mpira. Ulinigonga kifuani na mikono ikaufumbata. Nikaona mbele yangu hakuna mtu. Nyasi tupu mpaka mstari wa mwisho. Nikakimbia na goti langu, na nasema kweli, kwa muda ule sikufikiria harusi wala meneja. Nilitaka kufika.

Nyuma yangu alikuwa Msudani mmoja, dereva wa lori, mtu mkubwa, mwenye umri kama wangu. Nilimsikia anahema. Alinyoosha mkono kuvuta kitambaa, akakosa. Akanyoosha tena, akakosa. Pumzi zikamwishia, na mtu aliyeishiwa pumzi huita kwa lugha ya mama yake.

"Hat!" akalia. "Hat, ya hajj! Hat!"

Nikasimama. Nikageuka. Nikampa.

Mkono wa kulia mbele, wa kushoto kwenye kiwiko, kichwa kimeinama kidogo. Mdomo nao ukasema, "Tafadhali."

Msudani akaupokea kwa mikono miwili. "Shukran," akasema, kwa sababu naye alilelewa vizuri.

Tukabaki tumesimama tukitazamana. Naapa hakujua afanye nini nao. Halafu wenzake wakaanza kupiga mayowe, akashtuka, akageuka na kuondoka nao kwa mwendo wa lori lililopakia, na wetu wote walikuwa bado wamesimama midomo wazi. Akafika. Mwamuzi akatoa kitabu mfukoni, akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akakirudisha. Hakukuwa na sheria inayokataza kumpa mtu kitu alichokiomba. Filimbi ya mwisho ikalia.

Hakuna aliyenitukana, nadhani hilo ndilo lililoniumiza. Biriani ilikuja, tukala. Mwenzangu mmoja alininong'oneza, "Mzee, umecheza kama Pele," akanikonyeza. Wote waliamini nimefanya kusudi. Nikajaribu kueleza habari ya Umm Salal na yule mzee na kahawa, wakatikisa vichwa kwa upole, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa wa homa. Tanga walichinja mbuzi. Jumapili nilipofika kazini picha yetu haikuwepo tena mapokezi, na likizo yangu ilikuwa imesainiwa.

Kocha alirudishiwa funguo za basi, akarudi kwenye chumba cha watu wanane.

Siku ya safari yangu basi la kampuni lilikuwa linapeleka watu uwanja wa ndege asubuhi, na dereva alikuwa yeye. Nilipanda nikiwa na sanduku langu na boksi la zawadi nililolifunga kamba, nikakaa kiti cha mbele, kwa sababu kukaa nyuma kungekuwa uoga. Akanisalimia vizuri. Alikagua mkanda wangu. Alikuwa anaendesha vizuri mno, basi haliyumbi, hakanyagi breki ghafla.

"Mzee," akasema mwishowe, macho barabarani. "Ulifanya makusudi?"

Nilikuwa nimeshalijibu swali hilo kwa watu kumi. Jibu lilikuwa tayari mdomoni.

"Sikukusudia," nikamwambia. "Wallahi mkono ulikwenda wenyewe. Lakini ulipotoka tu, kabla hata hajashika vizuri, nilifurahi. Nilikuona pale kwenye mstari umeshika kichwa, na bado nilifurahi."

Akaendesha. Taa ikawa nyekundu, akasimama, ikawa kijani, akaondoka.

"Bora umesema," akasema. "Ungeniambia ni bahati mbaya tu, ningekushusha hapa na boksi yako." Halafu akacheka kidogo, bila furaha nyingi. "Wale walitufunga wameomba kampuni iwasaidie basi ya kwenda nusu fainali. Ijumaa ni mimi nawapeleka."

Uwanja wa ndege alishuka, akanibebea boksi mpaka mlangoni, ingawa kubeba ni kazi yangu. Nikataka kumwomba msamaha na sikujua nianzie wapi, kwa sababu ningeombaje msamaha wa furaha? Tukashikana mikono. Akarudi kwenye basi, akahesabu vichwa vya waliobaki.

Ijumaa, baada ya swala, nilikaa kwenye mkeka sebuleni kwangu, nikamshika mkono yule kijana, na nikamwozesha binti yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, neno kwa neno, bila kukatika. Vigelegele vikapasuka chumba cha pili. Nililia mbele za watu na sikujali. Saa zetu na za Doha ni moja, kwa hiyo nilijua pia kwamba muda ule ule kuna mtu anakagua mikanda ya watu waliomfunga.

Jioni binti yangu akaja kukaa karibu nami, hina haijakauka vizuri, akaniegemea begani.

"Baba, na yule kocha wenu? Hakukasirika ulivyokuja?"

"Ndiye aliyenileta," nikamwambia.